Kichaka Kisichovuka Dirisha

Leo tuzungumze vichaka. Si vichaka vya kufichia ngedere, la. Nasema vile vifupi vya nyumbani, visivyopukutisha majani kiangazi wala masika, ambavyo mtu huvipanda chini ya dirisha, kando ya baraza, au kwenye njia ya kutoka getini hadi mlangoni.

Kuna mmea mmoja unaopatikana kwenye ofisi na hoteli za dunia nzima, Toronto kama Dubai. Umekaa kwenye chungu konani, majani marefu ya kijani kilichokoza yamelizunguka shina. Aina yake fupi, iliyobanana majani na inayokua taratibu mno, huuzwa kwa jina la Compacta. Mtaalamu wa mimea wa Berlin, Adolf Engler, ndiye aliyeupa mmea huo jina la kitaalamu Dracaena deremensis, yaani drasena ya Derema. Na Derema, wasikilizaji, iko hapo juu tu, Usambara Mashariki, upande wa Amani. Siku hizi wataalamu wameuingiza katika spishi ya drasena inayonukia, Dracaena fragrans, ambayo ni jamii moja na masale ya Wachaga, yale wanayoyapanda mpakani na kuyashika mkononi wanapokwenda kuombana radhi. Vipandikizi vyake hulimwa kwa wingi Costa Rica na Guatemala, vikapakiwa melini kwenda kwa wateja. Sisi wenye mlima tunapita kwenye vitalu vya kando ya barabara tunanunua duranta, ambayo asili yake ni Amerika.

Sisemi hivi kwa kuona uchungu. Tanga ni mkoa wa mimea ya kuja na kuondoka. Mkonge uliotulea uliletwa na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida. Katika miche elfu moja iliyoagizwa, iliyofika hai ni 62. Taasisi ya Amani nayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1902, chini ya Franz Stuhlmann, kwa kazi hiyo hiyo ya kukusanya mimea kutoka kila pembe ya joto na kuona ipi itakubali. Mingine ilikubali kupita kiasi, ikatoroka bustanini na sasa inausumbua msitu. Kwa hiyo mimi simwulizi mmea pasipoti. Namwuliza mambo mawili: utafika kimo gani, na chokaa ya Tanga utaiweza?

Tuanze na kimo.

Mtu ananunua mche wa duranta, ile ya manjano inayong'aa. Kitaluni ina urefu wa shubiri mbili, imekatwa vizuri, imejaa. Anaipanda hatua moja kutoka ukutani, chini ya dirisha la chumbani. Mwaka wa kwanza inapendeza. Wa pili imefika kwenye wavu wa mbu. Wa tatu chumba kina giza mchana, na kila baada ya wiki tatu kuna kijana analipwa kuja na mkasi au panga. Duranta ikiachwa huru hupanda mita nne na zaidi. Ule ufupi wa kitaluni ulikuwa wa mkasi, haukuwa wa mmea. Mfikasi ni mbaya zaidi, kwa sababu huo ni mti kamili. Ukikatwa kwa umbo la mpira huku juu, mizizi kule chini haina habari na mkasi wako. Inafuata maji, na maji ya karibu katika nyumba nyingi za mjini yako kwenye shimo la choo na bomba lililochakaa. Niliona karo moja, mtaa nisioutaja, limepasuliwa likawa vipande viwili na mfikasi ambao juu ya ardhi ulikuwa unanifika kiunoni.

Kichaka kifupi cha kweli ni kile ambacho ufupi ni tabia yake. Kinakua polepole, pingili zake ziko karibu karibu, na ukikisahau mwaka mzima ukirudi kimeongezeka kiganja kimoja au viwili. Ziko iksora za majani madogo ambazo haziulizi zaidi ya goti. Ziko krotoni fupi za majani membamba yaliyojisokota, na ziko krotoni nyingine za majani mapana zinazofika darini. Zote utaambiwa ni krotoni, na kwenye kiriba zote zina kimo kimoja. Hapo ndipo muuzaji anapaswa kuulizwa, na si aulizwe bei peke yake. Mwulize akuonyeshe mama wa mche, ule mmea alikotoa vipandikizi. Mwenye kitalu mzuri atakupeleka nyuma akuonyeshe. Asipokuwa nao, tafuta nyumba yenye mmea kama huo uliokwisha kuzeeka, ujionee ulivyo.

Kuhusu michongoma ya ua wa nje, methali imekwisha kuusema mchongoma, siongezi neno.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo, nionavyo, ndilo linaloua vichaka vingi hapa mjini kuliko kiu: chokaa.

Tanga imekaa juu ya mwamba wa bahari ya kale. Ukienda Amboni ukaingia mapangoni, unatembea ndani ya chokaa. Ukienda Pongwe, ni chokaa inayochimbwa kutengenezea saruji. Ras Kazone, Sahare na ukanda wote wa ufukweni hadi Tongoni na kuendelea, ukichimba shimo la mnazi unakutana na matumbawe. Juu ya hapo sisi wenyewe tunaongeza. Fundi akimaliza kupiga lipu, mabaki ya saruji na vifusi anavifukia wapi? Chini ya dirisha, pale pale utakapopanda iksora mwaka unaofuata.

Iksora inapenda udongo wenye uchachu. Kwenye udongo wa chokaa, madini ya chuma yapo lakini yamefungwa; mizizi inayagusa na haiwezi kuyanywa. Dalili yake huwezi kuikosea ukishaijua. Majani machanga, yale ya juu kabisa, yanageuka manjano, ila mishipa yake inabaki kijani, kama ramani ya mito. Majani ya zamani ya chini yanaweza kuwa mazima. Watu wakiona manjano wanadhani ni kiu, wanamwagilia asubuhi na jioni. Wengine wanadhani ni njaa, wanamwaga mbolea ya viwandani mpaka ncha zinaungua. Wapo hata wanaomwaga majivu, na majivu yanazidisha ubaya ule ule.

Dawa yake haina haraka. Chimba shimo pana kuliko unavyodhani linahitajika, toa vifusi vyote, jaza mboji iliyooza sawasawa iliyochanganywa na udongo mwekundu kutoka upande wa bara, barabara ya Muheza, ambako chokaa imepungua. Juu tandaza matandazo: makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, majani makavu ya mwembe, au makapi ya mkonge yaliyokwisha kuoza. Maduka ya pembejeo huwa na chuma kilichotengenezwa mahususi kisifungwe na chokaa, nacho hufanya kazi, ila ni lazima kirudiwe rudiwe. Na kama nyumba yako iko juu ya matumbawe matupu, usigombane nayo. Iksora iweke kwenye chungu kikubwa barazani, ardhini panda kitu kinachopatana na chokaa.

Na vipo. Tatizo letu ni kwamba vinavyopatana na ardhi hii tumevizoea mno hata hatuvihesabu kuwa vya bustani.

Chukueni mhina. Kila mtaa wa Ngamiani, kuanzia barabara ya kwanza hadi ya ishirini na moja, bibi harusi alipakwa hina. Wangapi leo wana mhina uani? Tunanunua unga wa paketi. Mhina hauogopi jua, hauogopi ukame, na chokaa hauijali. Ni kweli ukiachwa unakuwa mrefu, mita tano hata sita, na mtaniuliza mbona nimeikataa duranta kwa kosa hilo hilo. Tofauti ni kwamba mkasi wa mhina una kazi. Kila ukiukata unavuna. Machipukizi mapya ndiyo yenye rangi nzuri, na kwa kuyachuma mara kwa mara kichaka kinabaki kifuani, kimejaa, pasipo kumlipa kijana wa panga. Majani yaanikwe kivulini, si juani, yasipoteze nguvu. Na ukibakiza matawi machache bila kuyakata utapata maua yake madogo, yenye harufu ambayo mgeni wako ataikuta barazani kabla hujampa kiti.

Mwasumini je? Huu kwangu ndio kichaka cha nyumba ya pwani. Majani yake ya kijani kinachong'aa hayapukutiki, kimo chake ni cha kiunoni mpaka kifuani, na zipo aina za maua yaliyojaa petali, mazito, zinazokwenda taratibu zaidi, ambazo hazifiki hata hapo. Mama zetu walichuma vitumba magharibi, bado vimefumba, wakavitunga pamoja na mrihani kuwa kikuba, usiku vikafunguka vyenyewe. Mtu aliyepanda mwasumini wake karibu na dirisha la kulala hakuwa anapamba. Alijua upepo wa usiku unatoka wapi. Unataka jua la kutosha, mboji, na ukatwe baada ya kila mkupuo wa maua, kwa sababu maua mapya hutoka kwenye tawi jipya. Ukiona mwasumini umejaa majani na hauna ua, ama umekaa kivulini ama mwenyewe anauhurumia.

Kuna kichaka kingine cha porini kwetu, cha jamii ya karisa, majani madogo magumu, miiba, maua meupe yenye harufu ya asumini, na vitunda vyekundu vinavyoiva vikawa vyeusi. Watoto wa vijijini wanavila. Kingefanya ua mfupi mzuri ajabu. Jina lake la Kiswahili lina neno ambalo siwezi kulitamka hewani saa hizi watoto wako macho. Wazee wamekwisha kunielewa, waulizeni wao.

Kwa walio ufukweni kabisa, mwenye kusumbua ni upepo wa chumvi. Kusi inapovuma, kuanzia masika kwisha hadi kama Septemba, inanyunyiza nyumba zinazotazama bahari, na majani laini yanaungua kingo. Visima navyo, vingi vya huko maji yake yana chumvi. Ukimwagilia krotoni kwa maji hayo kwa mwezi mzima utaona kingo za majani zimekauka, hudhurungi. Huko tazameni kilichokwisha kujichagua chenyewe. Pwani yetu ina kichaka cha mchangani chenye majani manene na ua jeupe linaloonekana limekatwa nusu, wataalamu wanakiita skaevola. Na juu ya matumbawe yanayopigwa na wimbi kuna kingine, pemfisi, chenye majani madogo manene na shina gumu lililopinda kwa upepo. Hicho cha pili Wafilipino na Waindonesia wanakisujudia. Ndicho wanachokifanya bonsai, na watu huko hukifukua miambani kwa fedha nyingi. Nawaombeni msije mkaiga ufukuaji. Miti iliyopinda hivyo ina umri mkubwa, ikihamishwa mingi hufa, na ukanda wa mikoko ni hifadhi ya serikali. Chukueni mbegu, otesheni.

Nina neno na watu wa Muheza, nalo ni zito kuliko mengine yote niliyoyasema.

Vitalu vingi vinauza kichaka kizuri kiitwacho muraya. Majani madogo yanang'aa, maua meupe yananukia kama ya mchungwa, kinakatika kwa umbo lolote. Kinanukia hivyo kwa sababu ni cha ukoo wa mchungwa kweli, na hapo ndipo penye hatari. Kuna kidudu kidogo cha kurukaruka, asili yake Asia, kinachobeba ugonjwa ambao Wachina waliupa jina huanglongbing, na jina hilo limeenea duniani. Mchungwa ukiupata, majani yanakuwa na mabaka ya manjano yasiyolingana pande mbili, tunda linabaki dogo, limepinda, chungu, na mti unakufa taratibu. Dawa ya kuuponya haipo. Na kidudu hicho kinaupenda muraya kama kinavyoupenda mchungwa, kinazaana juu yake kwa raha.

Florida, ambako ndiko ulikotoka mkonge wetu, walikigundua kidudu hicho mwaka 1998 na ugonjwa wenyewe mwaka 2005. Miche ya muraya iliyouzwa madukani ilikuwa mojawapo ya njia zilizokisambaza jimboni. Mavuno yao ya machungwa tangu hapo yameporomoka kwa zaidi ya asilimia 80. Nasi tusijidanganye kwamba ni habari za mbali: kidudu hicho cha Kiasia kilithibitishwa kuwamo Tanzania katika miaka ya 2010. Afrika ina kidudu chake pia, cha kwetu wenyewe, chenye ugonjwa wa aina hiyo, ila hicho kinapendelea baridi ya milimani. Cha Kiasia kinalivumilia joto la bondeni, na mabonde ya joto ndiyo yenye michungwa ya Muheza.

Kwa hiyo mtu wa Ras Kazone akiwa na muraya wake mmoja sitamgombeza sana. Lakini mtu anayeishi Muheza, akazungushia nyumba ua wa muraya mita hamsini na shamba la jirani, anacheza na riziki ya watu. Mwasumini utakupa harufu hiyo hiyo.

Nipite haraka kwenye sumu. Oleanda majani, maua, tawi, vyote ni sumu ya moyo. Nyumba yenye mtoto anayetambaa isiwe nayo. Vitunda vya njano vya duranta visiliwe. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni safari ya hospitali, kwa hiyo anayekata ua wa minyaa akinge macho kwa miwani. Na lantana, pamoja na uzuri wake wote, ndege wanaimeza mbegu na kwenda kuipanda msituni. Iacheni.

Wengi huniuliza habari ya nyoka na mbu. Uwanja wa pwani tumezoea kuufagia mchanga ukabaki na michirizi ya ufagio tu, maua yakae kwenye makopo barazani, na sababu ya desturi hiyo ina akili: kwenye mchanga mtupu unaona kinachokuja. Basi anayepanda vichaka asiivunje akili hiyo. Kila kichaka kivuliwe matawi ya chini, shubiri moja au zaidi kutoka ardhini, ufagio upite chini yake na mwanga upite. Mbu wa mchana hupumzika penye giza na unyevu. Kichaka kilichovuliwa chini hakina giza hilo. Kwa nyoka pia kinachomvuta ni panya, na panya anavutwa na mabaki ya chakula na rundo la magogo nyuma ya jiko. Kichaka kinaonewa bure.

Tumalizie na kupanda kwenyewe. Mvua ya Tanga ni karibu milimita 1,300 kwa mwaka, nyingi zaidi inaanguka masika, Machi hadi Mei, kisha vuli, Oktoba hadi Desemba. Panda mvua za kwanza za masika zikishalowesha ardhi. Anayepanda vuli inampasa ajue kwamba mbele yake kuna Januari na Februari, jua la kaskazi, hasa kwa kichaka kilichotazama magharibi mbele ya ukuta mweupe. Hicho utakimwagilia mpaka masika.

Mche ukiufikisha nyumbani, usiutoe kwenye kiriba kwa kuuvuta shina. Chana kiriba kwa wembe, kisha tazama mizizi. Mche uliokaa kitaluni muda mrefu mizizi yake imejizungusha chini, na ukiupanda hivyo itaendelea kujizungusha ardhini, mmea udumae vibaya, na siku ya kusi uanguke. Ile inayozunguka ikate, zilizobaki zipanue kwa vidole. Shingo ya mche isizame kuliko ilivyokuwa kwenye kiriba. Matandazo yasiguse shina, mchwa wasipate daraja.

Na kuhusu umbali kutoka ukutani: ulizia upana wa mmea ukishazeeka, gawanya mara mbili, ongeza shubiri moja ya ufagio kupita. Miche itaonekana imeachana mno, jirani atakuuliza kama fedha zimekwisha. Ukiona uwazi unakukera, katikati yake panda mirihani; itakaa msimu mmoja au miwili, utaichuma, na wakati itakapochoka vichaka vitakuwa vimekaribiana.

Wiki ijayo tukijaaliwa ni zamu ya mikadi na milangilangi. Mniwie radhi wenye muraya.